Stendraivu isikuchemkie baharini: kuupoza na kuutunza mguu wa boti, hatua kwa hatua

Mtu aliyezoea mashine za nje, zile Yamaha 40 za kufunga kwenye tezi, siku akinunua boti ya stendraivu, yaani injini imekaa ndani ya boti na mguu wenye propela uko nje nyuma, swali lake la kwanza huwa "mbona haikojoi?" Ana haki kuuliza. Mashine ya nje ina kale kamrija pembeni, ukikaona kanatema maji unajua mambo sawa, unaenda zako. Stendraivu haina. Maji yake yakishazunguka kwenye injini yanatoka pamoja na moshi huko chini, kwa nyingi ni katikati ya propela, huyaoni hata ufanyeje. Hapa unaishi kwa geji, kwa mkono wako na kwa pua yako.

Mimi nimeshika spana kwenye hizi boti Mtwapa na Kilifi miaka mingi sasa, na karibu kila mguu niliofungua ukiwa umekufa, umekufa kwa maji. Ama maji yaliyotakiwa kupita hayakupita, injini ikachemsha, ama maji yasiyotakiwa yaliingia, yakafika kwenye oili ya gia, kwenye krosi (kile kiungo cha shafti kinachojipinda), au mbaya zaidi ndani ya silinda. Kila kazi nitakayoeleza hapa chini ni moja ya hizo mbili, kwa hiyo ukiwa unafanya kitu na hujui unakifanyia nini, jiulize: hapa nafungulia maji njia au nayazibia?

Kwanza ujue ya kwako inavuta maji vipi

Injini iko ndani ya boti kabisa nyuma, mara nyingi ni bloki ya gari kama zile V6 lita 4.3 au V8 lita 5.7 za GM zilizotengenezwa upya kwa kazi ya bahari. Nguvu inatoka kwa shafti yenye krosi, inapenya ukuta wa nyuma wa boti, inaingia kichwa cha mguu, gia zinaigeuza kushuka chini, kisha zinaigeuza tena kwenda kwenye propela. Mtindo wenyewe wa zamani, Volvo Penta walileta Aquamatic yao mwaka 1959 na MerCruiser wakaja na ya kwao 1961, na hadi leo mpango ni ule ule.

Pampu ya maji ya bahari ndiyo inayotofautiana. MerCruiser Alpha ina impela, lile gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji, ndani ya mguu wenyewe, chini huko. Bravo, ya MerCruiser hao hao, na Volvo nyingi, pampu iko juu kwenye injini, inazungushwa kwa belti au moja kwa moja na kranki, mguu ni njia tu ya kunyonyea. Usiponijibu hili sitakuelekeza kitu, maana kubadilisha impela ya Alpha lazima ushushe sehemu ya chini ya mguu, na ile ya juu unaifanya umekaa kitako kwenye deki ikiwa mkono unafika.

Halafu angalia kama injini inapozwa na maji ya chumvi moja kwa moja au ina kulanti (maji yake yenyewe ya kupoza yanayozunguka ndani tu) na ule mtungi wa mirija ambamo maji ya bahari yanapita kando kando tu kuipoza kulanti. Ukiwa unanunua boti ya kutumia pwani hii na una uwezo wa kuchagua, chukua ya kulanti. Sina maneno mengi hapo, nimeona bloki za maji ya chumvi zikifunguliwa na ndani kutu inatoka kwa mabamba kama maganda ya mihogo.

Kabla hujawasha

Kama ni petroli, fungua mfuniko wa injini, nusa, halafu washa blowa, ile feni ya kutoa hewa ya chumba cha injini, dakika nne au tano kabla hujagusa ufunguo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini kwenye ngama unasubiri cheche yako, na huu si ushauri wa kuurukia eti leo una haraka. Ukiwa umefungua hapo hapo tazama maji ya ngama: yameongezeka tangu jana? Onja. Ya chumvi yanaingia kutoka nje, ya mvua hayana chumvi. Tazama kichupa cha oili ya gia kama boti yako inacho, kikishuka oili inavuja, na kikipanda chenyewe bila wewe kuongeza basi maji yanaingia, hiyo ya kupanda ndiyo watu huifurahia kumbe ndiyo mbaya.

Chungulia mguu wenyewe. Vile vitundu vya kunyonyea maji kando ya mguu huota vijichaza na mwani boti ikikaa majini hata wiki chache tu, kwangua kwa kijiti au waya laini. Mifuko ya plastiki imepungua Kenya tangu marufuku ya 2017 lakini haijaisha, na nyuzi za wavuvi hazijapungua hata kidogo.

Ukishawasha, acha kwa sailensa (mzunguko wa chini, bila kuongeza mafuta) kidogo, halafu weka kiganja kwenye ekzosi pale juu inapopinda kabla ya mpira, kulia na kushoto. Inatakiwa iwe ya vuguvugu, mkono unatulia. Ikikutoa mbio, zima. Upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine poa, upande ule wa moto maji hayapiti. Hii ya kushika kwa mkono imeniokoa mara nyingi kuliko geji, geji zetu nyingi zimekula chumvi zinasema uongo.

Ikichemsha mkiwa nje

Sikiliza inachemsha saa ngapi, maana hiyo nusu ya jibu. Ikipanda joto ukiwa taratibu kisha ukiongeza mwendo inarudi, impela imechoka, kwa mzunguko mdogo haivuti vizuri. Ikiwa poa taratibu halafu joto linapanda unapokimbiza, kuna mahali pamebana: vitundu vimeziba, hozi ya kunyonyea imelainika inajikunja ndani kwa ndani, kipoza oili kimejaa uchafu, au manifoldi (njia za kutolea moshi wa injini) zimeziba kutu. Ikipanda ghafla kama mtu kaisukuma, belti imekatika au mfuko umefunika mdomo wa mguu.

Punguza mwendo, weka nyutro, angalia nyuma. Kwa mfuko, piga rivasi kidogo, mara nyingi unajitoa wenyewe. Joto lisiposhuka, zima, tupa nanga kama kina kinaruhusu, usije ukapelekwa mwambani ukiwa umeinama na spana. Usifungue kifuniko cha kulanti kikiwa cha moto, na usimwagie injini maji baridi, kichwa cha injini kinapasuka. Na geji ikipanda sana kisha ikaanguka ghafla hadi chini usishangilie, huenda ile sensa haina tena maji ya kupima.

Niwape kisa changu mwenyewe, cha aibu. Mteja mmoja Kilifi nilimbadilishia impela, ya zamani imekatika mabawa matatu. Nikatoa, nikatupa, nikafunga mpya, nikajaribu pale krikini, poa kabisa, nikalipwa. Wiki mbili baadaye, mwezi wa tatu, kaskazi inaishia, bahari imetulia kama sahani na maji yenyewe ya moto, ananipigia simu yuko nje ya mlango na geji inapanda kila akikimbiza. Alirudi pole pole saa mbili nzima. Nilipofungua hozi inayoingia kwenye kipoza oili ya usukani, vipande vitatu vya mpira mweusi, kila kimoja kama ukucha wa dole gumba, vimelala mdomoni mwa vile virija vimejipanga utadhani kuna mtu kaviweka. Nilijua mabawa matatu hayapo na sikujiuliza yamekwenda wapi. Sikumchaji, na tangu siku hiyo impela ya zamani naipanga mezani nahesabu kama mtoto wa madrasa, likikosekana bawa naanza kutafuta kwenye kipoza oili cha kwanza, halafu kwenye nyumba ya thamostati (kile kizibo kinachofungulia maji injini ikipata joto), na sifungi mpaka nilipate.

Kubadilisha impela

Kila mwaka kwa boti inayofanya kazi, usisubiri ife. Boti za upande wa Malindi hata kabla ya hapo, ule mto Sabaki ukishuka na mvua bahari inageuka rangi ya udongo na ule mchanga laini unasaga impela na kikombe chake kama jiwe la kunolea.

Kwa Alpha: toa ufunguo wa boti na chomoa betri, toa propela, mwaga oili ya gia yote kwanza, weka kitu cha kubebea sehemu ya chini kabla bolti za mwisho hazijalegea kwa sababu ina uzito na ikianguka ndio basi, kisha ishushe moja kwa moja bila kuipindisha. Hakikisha kwenye manual ya modeli yako gia iwe wapi unaposhusha, usibahatishe. Nyumba ya pampu ikishafunguka, usitazame impela tu. Pitisha ukucha ndani ya kikombe cha chuma na kwenye bamba la chini, ukucha ukikwama kwenye mfereji, hicho nacho kinabadilishwa, impela mpya ndani ya kikombe kilicholika ni pesa umemwaga baharini. Kitazame pia kile kifunguo kidogo kinachoishika impela kwenye shafti, kinapenda kudondoka kwenye grisi na kupotea.

Paka maji ya sabuni kwenye mabawa, zungusha shafti kwa mwelekeo wake wa kawaida, yaani kama mshale wa saa unavyokwenda, huku unasukuma nyumba ishuke, mabawa yatajikunja yenyewe upande sahihi. Ukishafunga usizungushe kinyume tena. Sili za mrija wa maji ziweke mpya, na unaporudisha sehemu ya chini hakikisha ule mrija umeingia kwenye sili yake, ukikaa kando pampu itapiga maji vizuri sana, ila kwenda pasipotakiwa.

Spea nunua orijino. Za feki zipo tele na kwa macho zinafanana, ila mpira wake baada ya miezi michache umekauka mgumu kama soli ya kiatu.

Na neno moja kuhusu thamostati. Kuna mafundi, jawabu lao la kila injini inayochemsha ni kuitoa na kutupa. Msikubali. Bila hiyo injini inakimbia baridi, petroli isiyoungua inashuka kwenye oili, na tatizo lenyewe umelifunika tu. Za maji ya chumvi moja kwa moja huwekwa thamostati ya joto la chini, 60 au 71 za Selsiasi, kwa sababu joto likizidi chumvi inaanza kuganda kwenye njia za maji. Za kulanti zinaweza kukimbia juu ya hapo. Ichemshe kwenye sufuria na kipimajoto uone inafunguka kwa joto gani, dakika kumi tu.

Kusafisha kwa maji matamu

Kila ukitoa boti majini, si Ijumaa kwa Ijumaa. Unaweka yale masikio ya mpira kwenye vitundu vya mguu, unafungua maji KWANZA, ndipo unawasha. Nyutro, mwendo wa chini, usivuke mizunguko 1,500 kwa dakika, na hakuna mtu kusimama karibu na propela, bora hata uitoe. Acha ikimbie dakika kumi hadi kumi na tano. Kosa la wengi ni kuzima baada ya dakika mbili, wakati huo thamostati bado imefunga na maji matamu yamezunguka nje nje tu yakatoka, chumvi yote imebaki kwenye bloki. Subiri geji ifike joto lake la kawaida. Ukimaliza zima injini, halafu ndio ufunge bomba.

Hayo maji matamu yenyewe uyaonje. Visima vingi huku pwani vina chumvi, nimekuta mtu anasafisha kwa bidii mwaka mzima na maji ya kisima ambayo hata chai hayapiki. Na presha ya bomba ikiwa ya kudondoka tu haitoshi, pampu inafyonza hozi mpaka inalala, kwa hiyo weka tangi juu na utumie hozi nene.

Manifoldi na ekzosi

Hapa ndipo injini nzima inapotea mtu akiwa anashangaa. Manifoldi ni za chuma cha kumimina, moshi unapita ndani na maji ya chumvi yanapita kwenye ukuta wake wa pili, kutu ikitoboa ule ukuta maji yanateremkia kwenye silinda. Unazima jioni iko salama, asubuhi unapiga stata inagonga "tak" haizunguki. Ukiendelea kulazimisha unapinda koni rodi. Toa plagi zote kwanza, zungusha, ukiona maji yanaruka umepata jibu. Kwa maji ya chumvi moja kwa moja mimi huzifungua kila mwaka pale zinapoungana, natazama kama kutu imekula karibu na gasketi, na zikifika miaka mitano au karibu na hapo nazibadilisha hata kama mwenyewe analia. Na injini ikishawahi kukimbia bila maji, kagua mipira ya ekzosi, ndani huwa imeungua ingawa nje inang'aa.

Oili ya mguu

Kila saa 100 au mara moja kwa mwaka. Legeza skrubu ya chini kwanza na ile ya juu iache imekaza, halafu weka kidole chini yake. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo na mguu umetulia usiku kucha yatatangulia yenyewe, tone mbili tatu safi, kisha oili. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshachanganyika na sili imekwisha. Tazama sumaku ya skrubu: uji wa kijivu laini ni wa kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno ya gia. Ikinuka kuungua na imekuwa nyeusi, mguu unafanya kazi ya moto sana.

Kujaza ni kutoka CHINI kwenda juu kwa pampu ndogo ya mkono, mpaka oili itoke tundu la juu bila mapovu. Ukijaza kwa juu hewa inabaki ndani na utadhani umejaza. Alpha inachukua karibu lita 1.9, Bravo One karibu 2.6, pamoja na kichupa. Zile washa (pete) ndogo za skrubu weka mpya kila mara, ni senti tu na ndizo zinazovujisha. Ukiona chai ya maziwa usibadilishe oili ukasahau, mguu upimwe kwa presha ya hewa ujulikane sili gani. Naanzia ya propela: toa propela, angalia uzi wa kuvulia samaki uliojizungusha nyuma yake, uzi ukipata joto unakata sili kama wembe. Kabla ya kurudisha, shafti paka grisi ya bahari, la sivyo mwakani utaitoa kwa nyundo na matusi.

Joto la kichwa cha mguu nalo watu hawalifikirii. Sehemu ya chini inaogelea, kichwa kiko juu hewani na ndimo gia zinapogeuza nguvu yote. Ukivuta boti nyingine, au umepakia watu na mafuta na barafu ya siku mbili, oili mle inachemka. Dawa ya kwanza ni oili ya sinthetiki ya daraja ambalo mtengenezaji amesema. Ya pili kuna bomba dogo linafungwa juu ya mguu, linachota maji kwa mwendo wa boti na kumwagia kichwa, kuliogesha tu. Kwa injini kubwa na mizigo nakubali lisaidie. Kwa boti ya kutembeza watu krikini ni pambo.

Raba buti, zinki, na mguu ukae juu au chini

Yale mabuti ya mpira yaliyokunjwa kunjwa kati ya mguu na boti ndiyo ukuta pekee kati ya bahari na krosi, na likitoboka maji yanamaliza krosi, yanamaliza beringi ya nyuma yake, na yakitaka yanaizamisha boti gatini usiku. Tazama ndani ya kila kunjo kwa tochi, mikwaruzo inajificha humo. Badilisha kila miaka miwili. Mguu ukiwa umeutoa, ingiza mkono uzungushe beringi, ikikwaruza itoe. Dalili yake ukiwa majini ni mngurumo unaoongezeka ukikata kona. Na usirudishe mguu bila kupima kwa ile fimbo ya kulinganishia kama injini imekaa sawa na shafti, ikipinda kidogo tu inakula kapla.

Kwa sababu ya mabuti hayo nasema boti ikikaa majini mguu ushushwe, mabuti yasikae yamekunjwa wiki nzima. Ndio, ukiwa chini unaota chaza, lakini chaza anakwanguliwa. Isipokuwa umefunga pahali pa kina kifupi, bamvua ikitoka boti itakalia mguu, hapo hamisha boti badala ya kuinua mguu.

Zinki, vile vipande vya chuma vinavyoliwa na maji badala ya mguu, badilisha zikifika nusu, usizipake rangi. Baharini ni zinki au aluminiamu, ziwani Kisumu au Mwanza tumia magnesiamu. Na mguu ni aluminiamu, usiupake ile rangi ya shaba ya chini ya boti, utakula chuma chake mpaka ushangae.

Lini

Sisi hufanya haya yote kusi ikiingia, Aprili hadi Juni, wageni hawapo na boti ziko juu. Mguu, impela, mabuti, oili, zinki kwa mkupuo mmoja. Kisha ndani ya boti ibaki impela moja, belti moja, klampu, hozi kipande na spana zake. Na siku umemaliza, mguu umerudi, unatamani kusikia sauti, usiwashe nchi kavu bila maji hata sekunde tano za "nisikie tu". Impela mpya ikisugua kavu inaungua pale pale, na utaanza tena kushusha mguu ambao bado mikono haijakauka grisi yake.